Nyama Iliyopoa

Wanasema hasira hasara. Aliyeanzisha msemo huo hakuwa na shemeji kama wangu.

Jioni ile nilikuwa jikoni kwangu nakata nyama ya nguruwe, na kila nilipoteremsha kisu nilikuwa namwona yeye. Mimi nina bucha, kwa hiyo kukata nyama nikiwa na hasira si jambo geni kwangu. Wateja wangu wanajua kwamba siku nikinuna nyama inakatwa vizuri zaidi. Tangu utotoni wananiita Pilipili na sijawahi kulilalamikia jina hilo. Dada yangu wa pekee, aliyenitangulia kuzaliwa, hakupewa jina lolote la utani, kwa sababu hakuwahi kumsumbua mtu.

Alikuwa ameingia kwangu mchana akiwa na begi moja. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, begi kaliweka mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini.

"Nimekuja kupumzika kidogo," alisema.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo alipumzikia kwa Mama, na mara zote mbili mumewe alimfuata, akaketi sebuleni, akaongea kwa sauti ya chini, akanywa chai, akaondoka naye. Hakuna aliyejua Dada anakimbia nini. Hana jeraha wala alama. Mume halewi, halali nje, mshahara anauleta nyumbani. Msibani yeye ndiye wa kwanza kubeba viti na wa mwisho kuondoka. Ukoo wetu mzima unamwita Mpole, na wanalitaja jina hilo kwa namna ya kumshukuru Mungu. Mimi sikuwahi kumpenda, lakini sikuwa na sababu ya kuonyesha mtu, na chuki isiyo na sababu watu huiita wivu.

Kabla sijaanza kukata nyama, Mama alikuwa amepiga simu.

"Pilipili, mwenzio yupo hapo?"

"Yupo."

"Mumewe anakuja kumchukua jioni hii. Umpokee shemeji yako vizuri. Na huo ulimi wako uufungie kabatini."

"Mama, mmemuuliza mwenyewe kama anataka kurudi?"

"Nimeshamwambia. Akirudi safari hii, asitoke tena, na mimi sitampokea tena. Kama hataki, aseme leo, mbele ya mumewe, mimi nikisikia. Siyo kila siku kuzunguka na begi mjini kama mchuuzi. Mvumilivu hula mbivu. Sasa kweli chakula cha moto ni kitu cha kumvunjia mtu ndoa?"

"Chakula gani cha moto?"

"Muulize mwenyewe," akasema, akakata.

Sikumuuliza. Nilimtazama Dada pale kitini, anafinyafinya mkanda wa begi, nikaona nikimuuliza wakati ule atafunga mdomo kabisa. Badala yake nikaenda kwenye jokofu nikatoa kipande cha bega la nguruwe nilichokuja nacho kutoka dukani, kimeganda nusu, nikakitupa juu ya ubao. Ndipo Dada alipoinua uso.

"Hiyo ni ya bega?"

"Ni ya bega."

"Tambi unazo?"

"Zipo."

Akaweka begi chini. Mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi usiikate mikato minene hiyo ya wateja wako. Nyembamba, ukikingamisha kisu na nyuzi za nyama. Leo nakupikia mimi."

Tambi za Dada nyumbani kwetu zina sifa kuliko sisi wenyewe. Kabla hajaolewa alifanya kazi kwenye mgahawa mmoja uliokuwa ukipika vyakula vya Asia, chini ya mpishi mkuu mama wa makamo, mgeni kutoka mbali, aliyejua maneno machache ya lugha yetu na mengi katika hayo yalikuwa ya kufoka. Ukikosea, mwiko unatua mkononi. Huyo ndiye aliyemfundisha kwamba moto usiwashwe mpaka kila kitu kiwe kimekatwa, kwamba karai lazima litoe moshi kwanza, na kwamba nyama huingia kidogokidogo, ikatoka, kisha ikarudi mwishoni wenzake wakishaiva. Dada anampenda yule mama mpaka leo. Alipoolewa, Mpole alimwomba aache kazi, kwa upole wake ule, akasema hapendi mkewe anukie vitunguu vya watu wengine. Sote tulicheka siku ile. Tuliona ni mapenzi.

Baadaye ukienda kwao kutembea, hujamaliza kuvua viatu, sahani iko mezani inafuka moshi. Sisi tulimwambia ana mikono ya umeme. Mimi nilikuwa wa kwanza kusifu. Tena kila Jumamosi nilimpelekea kipande cha bega, kile kizuri ambacho wateja wanakigombania, namfichia chini ya kaunta, nikijisemea moyoni, angalau mdogo wake anamjali, angalau anakula vizuri.

Basi tukapika. Au niseme tulijitayarisha kupika. Mimi nikakata nyama nyembamba mpaka akaridhika, yeye akaikoroga kwenye bakuli na sosi ya soya, tangawizi ya kusaga, chembe ya sukari na unga laini wa mahindi, ule wanga mweupe wa kuitia sosi uzito. Karoti alizikata vijiti, kabichi akaichana, pilipili hoho akazitoa mbegu, vitunguu vya majani akatenga sehemu nyeupe na sehemu ya kijani kwa sababu, alisema, hawa ni ndugu lakini hawaivi pamoja. Tambi alizichemsha, akazitoa zingali na ugumu kidogo, akazimwagia maji baridi na kuzipaka mafuta zisishikane. Kwenye kikombe akachanganya soya nyingine na ndimu, sukari, kitunguu saumu na matone ya mafuta ya ufuta. Nyumba ikaanza kunukia hata kabla ya moto. Alikuwa akiimba chini kwa chini, mabakuli yangu yasiyofanana ameyapanga mstari mmoja kufuatana na zamu ya kuingia karaini, na mimi nikasahau kidogo kukasirika.

Halafu akanawa mikono, akavuta kigoda, akaketi mbele ya jiko. Akaelekeza uso dirishani, upande wa barabara.

Nikangoja. Yeye naye anangoja. Nikaona labda amechoka, nikainuka nikawasha gesi. Akanyoosha mkono akaizima, bila hata kunitazama.

"Bado," alisema.

"Bado nini? Kila kitu tayari."

"Hajafika."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Dada. Sisi tuko wawili hapa na tuna njaa. Tunamngoja nani?"

"Zikipikwa sasa zitapoa."

Akanieleza, macho yakiwa bado dirishani, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Gari lake huwa linasikika tangu kwenye kona. Akipiga honi mbili getini, unawasha moto. Anapoingia na kuvua viatu, nyama ishatoka. Anaponawa mikono, tambi zinaingia. Anapovuta kiti, sahani inatua. Ukiwahi, zinapoa. Ukichelewa, anakaa mbele ya meza tupu na kuitazama.

"Na zikipoa?"

"Anagusa sahani kwa mgongo wa kidole. Hivi." Akanionyesha, akigusa ukingo wa bakuli, taratibu, kama daktari anavyompima mtoto homa. "Kama siyo moto wa kutosha, anainuka, anamwaga kwenye pipa la taka. Anaiosha sahani mwenyewe. Anaifunika mezani, chini juu. Anakaa tena."

"Hasemi kitu?"

"Anasema pole. 'Pole, mke wangu. Jaribu tena.'"

"Kisha?"

"Kisha najaribu tena. Kuna siku najaribu mpaka mboga zinaisha ndani ya nyumba."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanavuma. Umeme wa mikono! Sisi tulikuwa tunampigia makofi mtu anayekimbizwa. Kumbe kila siku ya Mungu dada yangu yuko kwenye kigoda mbele ya mabakuli, ametega masikio kuelekea barabarani, na mimi Jumamosi napeleka nyama na kurudi nyumbani nimeridhika na wema wangu.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mume wangu anapenda chakula cha moto? Mama nilimwambia. Alicheka. Akaniambia hata baba yenu hakupenda cha baridi." Akatikisa kichwa. "Ukikitoa mdomoni kinakuwa kitu kidogo. Hata mimi nikijisikia nakisema naona haya."

"Hurudi kule," nikasema. "Nakwambia hurudi. Mlango huu naufunga, na huyo mpole wenu akija nitamwambia maneno ambayo hajawahi kuyasikia tangu azaliwe. Nitampigia Mama sasa hivi. Wewe utasimama hapa, utasema hivi..."

"Keti, Pilipili."

"Siketi. Utasema..."

"Nimesema keti!"

Sikuwahi kumsikia Dada akipaza sauti. Nikaketi, tena haraka.

"Mama ananiambia rudi. Wewe unaniambia usirudi. Yeye atakuja hapo nje apige honi. Nyinyi wote mnanipigia honi tu." Kwa mara ya kwanza aligeuka akanitazama usoni. "Kuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina njaa?"

"Una njaa?"

"Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

"Basi tupike tule."

Akatazama jiko. Akatazama dirisha. "Hajafika," akasema tena, kwa unyonge, na hapo nikashindwa. Niliinuka, nikawasha moto, nikamimina mafuta, na kabla hayajapata hata joto nikatupa karaini bakuli zima la nyama. Yote kwa mkupuo. Nikaona afadhali tule nyama mbovu kuliko kuendelea kukaa mbele ya mabakuli yale.

Nyama haikukaanga. Ilitoa maji ikaanza kuogelea, rangi ikawa ya majivu, na mimi nakoroga kwa nguvu kama anayefua. Dada alivumilia kidogo. Nikamsikia anavuta pumzi puani. Nilipoinua bakuli la kabichi nimwage juu ya ule uji, akaja.

"Toka hapo."

"Naendelea vizuri."

"Toka, unaiua nyama! Yule mama angekuona angekuvunja vidole."

Alinisukuma kwa nyonga nikaangukia mlangoni. Akaimwaga nyama kwenye bakuli pamoja na aibu yake, akalipangusa karai, akalirudisha kwenye moto mkubwa na kuliacha. Hakuangalia tena dirishani. Karai likaanza kutoa moshi. Akatia mafuta, akatia nyama gao moja tu la kiganja, ikalia kwa kelele, ikashika wekundu pembeni, akaitoa. Gao jingine. Jingine. Kisha vitunguu vyeupe na karoti, hoho, kabichi, mkono mmoja unarusha karai na mwingine unapokea bakuli, na hapo nikaona kwamba anapika kwa hasira kama mimi ninavyokata. Tambi zikaingia, sosi ikamwagwa pembeni mwa karai ikachemka kwa harufu ya moshi na sukari, nyama ikarudi, majani ya kijani yakanyunyizwa. Akazima. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Barabarani hakukuwa na gari lolote.

Akapakua sahani mbili. Halafu akachukua sahani ya tatu, akaweka tambi kidogo, akaketi mezani mbele yangu na kushika uma. Nikaanza kula, Mungu anisamehe, sikumngoja, kwa kuwa zilikuwa tamu mno. Nilipoinua macho nikaona anachokifanya. Alikuwa anachambua nyama kwenye sahani yake, kipande kimoja kimoja, na kukihamishia kwenye ile ya tatu. Sahani yake imebaki tambi na kabichi.

Nikamshika mkono. "Unafanya nini?"

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nyama huwa ni yake," akasema.

"Nyama yangu? Ile ya Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Hujawahi kuila?"

"Nilikuwa naonja chumvi."

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hii nimeisikia tangu utotoni na siku zote nilidhani inamsifu simba. Nilitaka kuvunja kitu. Nilitaka kurudisha nyuma kila Jumamosi niliyobeba ule mfuko. Dada alikuwa bado ameitazama ile sahani ya tatu, uma umesimama hewani, na hapo ndipo gari liliposikika kwenye kona.

Honi mbili, fupi.

Dada alikuwa ameshasimama kabla ya honi ya pili. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye jiko, ukashika kitufe cha gesi. Niliuma meno mpaka taya likauma. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele: usiwashe. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa kwamba na mimi ni honi, kwa hiyo nikanyamaza kama maji mtungini. Mlango wa gari ukafungwa nje. Hatua zikaja. Dada akakiachia kile kitufe, akarudi kitini, akajaza uma tambi akala.

Mpole alibisha hodi, akavua viatu, akavipanga sambamba.

"Shemeji, habari za hapa?"

"Nzuri," nikasema, na hilo ndilo neno gumu kuliko yote niliyowahi kuyatoa mdomoni.

"Mke wangu, pole na uchovu. Naona mmetangulia." Akanawa mikono kwenye sinki langu, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Akaiona sahani ya tatu, nyama imejaa juu, akatabasamu. Akaivuta karibu. Akageuza mkono na kuigusa sahani kwa mgongo wa kidole.

Nilikuwa nimesimuliwa, lakini kusimuliwa si kuona. Tabasamu halikuondoka. Aliinuka na sahani, akatazama huku na huku, akafungua kabati la chini ya sinki, akapata pipa langu la taka. Jikoni kwangu! Mbele yangu! Kwa mtu yule, nadhani, halikuwa jambo la kuficha. Hakuona kosa lolote.

"Pole, mke wangu," alisema. "Utajaribu tena nyumbani."

Sahani ilishaanza kuinama Dada aliposema, "Rudisha."

Hakuelewa. Akageuka.

"Rudisha sahani yangu mezani."

"Imepoa."

"Najua. Nimeipika mimi."

Akanitazama, akamtazama yeye, na kwa kuwa ni mtu wa adabu mbele za watu, akairudisha. Dada akaivuta. Akachoma kipande cha nyama, akakila. Akachoma kingine. Alitafuna bila haraka, mdomo umefungwa, macho ameyakaza usoni kwa mumewe, na mimi na shemeji tukabaki pale tukimtazama mtu anayekula. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda kwenye ukingo wa sahani. Hakuacha hata kipande kimoja.

"Mbona inalika," akasema.

Mpole alitoa simu mfukoni, akampigia Mama, akaiweka mezani kwa sauti ya juu ili sote tusikie. Sauti ya Mama ikajaa jikoni.

"Mwanangu, mumeo amekuja kwa heshima zote. Sasa sema mwenyewe, nisikie. Unarudi au hurudi?"

"Mama, nimekula nyama iliyopoa," Dada alisema. "Inalika. Siku zote hizo ilikuwa inalika."

"Nyama gani? Nimekuuliza unarudi..."

"Sirudi."

Nilitegemea matusi, nilitegemea mvumilivu na mbivu zake, lakini kwenye simu kulikuwa na pumzi tu. Mwishowe akasema, polepole, "Kwa hiyo kweli huwa anamwaga." Kisha simu ikakatika. Kumbe hata la kumwaga alikuwa ameambiwa. Nilimkasirikia kwa hilo kuliko yote, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Mpole akavaa viatu. Aliaga, hata sasa, akaniambia nibaki salama. Alipotoka nje hakuondoka. Alikaa garini, halafu zikaja honi mbili. Zikaja tena.

Dada akainuka, akaenda kwenye jiko, akashika kitufe cha gesi. Akawasha. Akalitazama karai mpaka likaanza kutoa moshi.

"Kata nyama nyingine," akaniambia. "Nyembamba. Bado nina njaa."